Batri Mbili kwenye Njia ya Kasugho

Vijana wangu wa umeme, juma lililopita mliniita kwa Madame Katungu, yule mfanyabiashara wa vitenge hapa Kimemi, Butembo, nije nitazame gari lake jipya. Mlinieleza habari zake kwa kukatana maneno: lina injini ya petroli kama gari lolote, tena lina batri kubwa chini ya viti, na batri hiyo inachajiwa nyumbani, ukutani, kama simu. Mlikuwa mmeshafunga waya. Mlitaka tu mzee aje ashangae.

Nikashangaa kweli. Nimefanya kazi ya batri zaidi ya miaka thelathini, na nililizunguka gari lile mara tatu huku moyo unanidunda. Lakini mkono wangu una tabia zake. Kabla sijauliza lolote, nilishika ile rallonge, waya wa kurefushia umeme, mliyokuwa mmeiacha imeviringwa kwenye kona. Ilikuwa ya moto. Nikagusa kichwa cha plagi kwa mgongo wa kidole: kilikuwa cha moto zaidi, na plastiki imeanza kugeuka rangi ya chai.

"Zimisha," nikasema.

"Lakini Tata, iko nachaji muzuri," mmoja wenu akanijibu. "Angalia, imefika nusu."

"Nyumba nayo iko karibu kuwaka. Zimisha! Mbele funga kwa gari, nyuma ndio utoe plagi."

Mkacheka, mkazimisha kwanza kwenye gari, kisha mkachomoa plagi. Tukafanya kazi ile upya pamoja. Waya mnene kutoka kwenye kisanduku moja kwa moja mpaka kwenye gari, usiogawana na pasi wala friji. Skrubu zikazwe, halafu zikazwe tena baada ya siku chache, kwa sababu waya ukipata moto na kupoa hulegea. Waya wa ardhini uzame kwenye udongo wenye unyevu, si kwenye kokoto. Na baada ya saa moja ya kuchaji, mtu arudi na kugusa. Mashine ya kisasa ina akili nyingi, lakini haijui kama fundi alikaza skrubu.

Mlipokuwa mnakusanya vyombo, mmoja wenu alisema kwamba kuchaji gari nyumbani ni jambo ambalo Butembo haijawahi kuliona. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Leo sina haraka. Butembo imeliona. Tulichaji gari nyumbani wakati wa vita, uani kwangu, na lilikwenda.

Kazi nilijifunza Beni, kwa Mzee Mbusa, fundi mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alikuwa na garaji yenye meza moja ya batri, na suruali zake zilikuwa na matundu mengi mpaka wateja walimwuliza kama anafuga panya. Ni asidi. Tone dogo tu likiangukia nguo ya pamba, leo huoni kitu; ukiifua kesho, kidole kinapita.

Mwezi wangu wa pili pale, nilitaka aone kwamba mimi ni mwepesi. Kulikuwa na batri inachemka kwenye chaja, mteja amesimama anaingoja. Nikaivuta ile koleo ya waya bila kuzima chaja. Cheche ikaruka. Batri inayochajiwa hutoa hewa inayowaka haraka kuliko petroli, ikalipuka. Mlio wake ulikuwa kama wa bunduki, na miaka ile ya vita kila mtu alijua la kufanya akisikia mlio kama ule. Garaji nzima ililala chini, mafundi na wateja, mwingine ameingia chini ya lori.

Mzee Mbusa peke yake hakulala. Alinishika shingo, akakizamisha kichwa changu kwenye pipa la maji ya mvua. Akakitoa nivute pumzi, akakizamisha tena. Nilidhani ananiua kwa hasira. Kumbe anaokoa macho yangu, na haya macho ninayowaandikia nayo ni kazi ya pipa lile.

Nilipoweza kuona, aliniuliza, "Kakule, mbele tunafanya nini?"

"Tunafunga courant, Mzee."

"Na nyuma?"

"Tunatoa waya."

"Sema tena."

Alinisemesha maneno hayo, kwanza kuzima umeme kisha kutoa waya, wiki nzima, asubuhi na kabla ya kula, mbele ya wateja. Nilichukia. Leo nawasemesha ninyi.

Nilirudi nyumbani Butembo nikiwa na mke, Masika, na sanduku la vyombo. Vita vilikuwa vimefunga njia ya mpakani. Mafuta ya kuendeshea jenereta yalikuwa adimu, na watu walikuwa na batri zao za radio na za taa, zimekufa, hakuna pa kuzifufulia. Nyuma ya uwanja wangu kulikuwa na kijito kidogo chenye mteremko mzuri. Nikanunua kwa mtu alternateur ya lori lililoungua, kile chombo cha gari kinachozungushwa na mkanda na kutoa umeme. Nikatengeneza gurudumu la mbao lenye visanduku vya kubeba maji, nikalifunga mkanda.

Siku ya kwanza gurudumu lilizunguka mara mbili, likavunjika. Ya pili, mkanda ukaruka ukampiga mbuzi wa jirani. Siku ya tatu Masika alikuja akasimama pale na beseni lake la nguo.

"Hii mashine yako inafua ao inafanya nini?" akaniuliza.

"Ngoja."

Nikafungua maji. Gurudumu likazunguka, mkanda ukalia, nami nikagusisha waya za balbu ya gari. Ikawaka! Mchana, juani, na tuliiona. Masika aliacha beseni likaenda na maji. "Kakule! Iko nawaka! Bintu biko nawaka!" Majirani walikuja wakikimbia wakidhani kuna moto. Tulibaki pale karibu asubuhi nzima, watu wazima, tukiizima na kuiwasha balbu moja.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililozaa mengine yote. Alternateur ya lori hutoa nguvu ya volti ishirini na nne. Batri ya gari dogo ni kumi na mbili. Kwa hiyo nilikuwa nachaji batri mbili kwa mara moja, moja ikifuata nyingine kwenye waya mmoja. Kumi na mbili na kumi na mbili.

Ndipo akaja Mama Kahindo. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya upande wa Kasugho, mwanamke wa makamo, Mprotestanti, mwenye kuendesha mwenyewe pikapu ya kituo kwa sababu dereva alikuwa amekimbia vita. Pikapu ilikuwa ya petroli, kuukuu, na alternateur yake ilikuwa imeungua. Kipuri hakikupatikana Butembo wala Beni.

Akaiona yangu kijitoni. "Toa hii, uweke kwa gari yangu."

"Mama, hii ni ya camion. Iko na nguvu mara mbili. Itaunguza kila kitu."

"Sasa nitafanya nini? Gari bila alternateur ni nyumba ya kuku."

Wakati ule wazo likanijia, na miguu yangu ikaanza kutembea yenyewe uani. Injini ya petroli inahitaji umeme kwa ajili ya cheche tu. Cheche hazili sana. Batri moja iliyojaa vizuri inaweza kulisha cheche saa nyingi, mradi usiwashe taa, usipige honi, usitumie vile vifutio vya kioo. Gari linywe umeme nyumbani kwangu, liende nao, lirudi linywe tena. Na batri ya pili ipakiwe nyuma kama akiba.

Mama Kahindo alinisikiliza mpaka mwisho. "Uko na akili mingi ao uko mugonjwa?"

"Tujaribu."

Tukajaribu siku ileile. Tulipanda Kimemi, tukazunguka soko, tukashuka. Gari linakwenda! Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Kwenye kona mbuzi akaingia njiani, na Mama Kahindo akapiga honi.

"Mama! Honi inakula!"

"Basi utapiga wewe."

Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele, "Piii! Piii! Tokeni!" Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa honi ya pikapu ile. Wanawake wa sokoni walinijua kwa sauti. Wiki kadhaa mambo yalikwenda hivyo: anakuja, batri zinakunywa kijitoni, anaondoka. Nilivimba kichwa. Nilianza kujiita injinia.

Halafu surua ikaingia kwa wakimbizi waliokuwa wamejazana kwenye makanisa na madarasa upande wa Kasugho. Watoto walianza kufa. Dawa ya chanjo ilifika Butembo ikiwa ndani ya masanduku mawili yenye barafu. Mama Kahindo akaja asubuhi, bila salamu.

"Kakule, dawa hii ikipata joto, inakuwa maji tu. Barafu itadumu mpaka jioni, si zaidi. Leo unaenda na mimi."

Nilizitoa batri mbili kwenye chaji. Mbele nikafunga umeme, nyuma nikatoa waya, hapo sikukosea. Kosa langu lilikuwa jingine. Kila batri ina vyumba sita, na kila chumba hupimwa kwa kile kichupa cha kuvutia asidi chenye kielea ndani. Kielea kikipanda juu, imejaa. Nilipima batri ya kwanza, vyumba vyote sita, safi kabisa. Ya pili sikuipima. Nilijiambia: zimekaa kwenye waya mmoja, zimekunywa pamoja, ni mapacha. Niliyoipima nikaipakia nyuma kuwa akiba, maana ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu. Nisiyoipima nikaifunga kwenye injini.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Njia ilikuwa matope, na baada ya muda mvua ikanyesha. Mama Kahindo alinyoosha mkono kwenye swichi ya vifutio.

"Hapana gusa!" nikasema.

"Siko naona njia."

Basi nikatoa nusu ya mwili nje ya dirisha nikawa nafuta kioo kwa kitambaa huku gari linakwenda, mvua inaniingia mdomoni, na bado napiga "Piii!" kwa watu waliokuwa wanatembea na magodoro kichwani. Mama Kahindo alicheka mpaka machozi. Nawaambia ukweli, vijana, katikati ya vita vile, tulikuwa na furaha.

Furaha ikaishia kwenye barrière, kizuizi cha njiani. Askari sita wa upande uliokuwa unatawala njia wiki ile. Mkubwa wao alikuwa na radio kubwa mezani, iliyonyamaza. Akaitazama batri yetu nyuma ya pikapu.

"Papa, batri wana," akasema kwa Kiswahili chenye Kilingala, akiinyooshea kidole, "ya nini?"

"Ya gari, chef."

"Gari iko na yake. Hii inabaki. Tuko na radio."

Mama Kahindo akashuka. "Chef, tuko nabeba chanjo ya batoto. Batoto bako nakufa."

"Na siye tuko batoto ya bamama," akasema, si kwa ukali. "Endeni."

Wakaishusha batri yangu niliyoipima vyumba sita. Tukaenda. Nikajipa moyo kwamba iliyobaki imejaa kama mwenzake.

Hatukwenda mbali. Injini ilianza kukohoa kwenye mlima mdogo, ikakata, ikashika, ikakata kabisa. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikavuta asidi kwa kichupa changu, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kielea kililala chini kila mahali. Ile batri ilikuwa nzee. Wakati pacha wake anajaa, yeye alikuwa anachemka bure.

"Mama," nikasema, "ni kosa yangu. Hii sikuipima asubuhi. Nilisema tu itakuwa sawa."

Aliniangalia. Alikuwa ameshaanza kufunika masanduku kwa blanketi lililolowa na majani ya migomba.

"Ninyi Bakatolika munapendaka kuungama. Utaungama siku ya Mungu. Sasa barafu haiko nangoja. Beba batri."

"Niibebe niipeleke wapi? Imekufa."

"Wewe ndiye fundi."

Alisema hivyo tu, akaendelea na majani yake. Nikasimama pale matopeni naitazama batri ile, nikageuza maneno yangu mwenyewe kichwani. Imekufa. Imekufa kwa nani? Kwa gari imekufa, ndiyo. Lakini radio? Radio inakula kidogo sana! Nikaruka. Nikaikata kutoka injini, nikakunja majani kuwa ngata, nikaiweka kichwani, nikaanza kurudi nyuma kwa miguu, karibu nakimbia, na asidi inanidondokea begani.

Ilinichukua karibu saa nzima. Nilipofika kwenye barrière, radio ilikuwa bado imenyamaza. Walikuwa wamesokotea waya kwenye vichwa vya batri vyenye kutu, na mmoja wao alikuwa anaipiga radio makofi.

"Chef, munaniruhusu?"

"Umerudi? Uko fundi?"

"Niko."

Nikatua batri yangu chovu, nikakwangua vichwa vyake kwa kisu mpaka vikang'aa, nikafunga waya za radio, chanya kwa chanya, nikakaza. Nikazungusha kitufe. Muziki wa Kinshasa ukatoka mle ndani kwa nguvu mpaka ndege wakaruka kwenye miti. Askari wawili wakaanza kucheza palepale na bunduki zao mgongoni.

"Eh, papa!" mkubwa wao akasema. "Yo nde fundi! Wewe ndiye fundi!"

"Chef, hii batri imechoka kwa gari, lakini kwa radio haijachoka. Itawaimbia leo, labda na kesho asubuhi. Ile ingine ndio inaweza kusukuma gari. Nikupe hii, unipe ile. Radio yenu haitajua tofauti."

Aliitazama batri ile, akanitazama mimi. Wenzake waliacha kucheza.

"Juu ya nini ulileta hii, badala ya kuleta feza ao kulia?" akaniuliza.

"Feza sina. Na kulia, Mama Kahindo alinikataza."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ukinidanganya, njia ya kurudia ni hii hii."

"Najua, chef."

Akamgeukia askari mmoja mwenye ndevu. "Yo, bebea papa batri yake."

Askari yule alilalamika njia yote, kwa Kilingala, kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine nisiyoijua. Lakini alibeba. Na tulipofika, akaona masanduku yamefunikwa kama wagonjwa na Mama Kahindo anayamwagia maji ya mtaro kwa kikombe, akaacha kulalamika. Nilifunga batri. Sikutaka kupoteza hata tone la nguvu kwa kuwashia injini.

"Tusukume," nikasema.

"Tindika!" askari akapiga kelele, akaweka bunduki ndani ya pikapu, akaweka bega. Wakimbizi waliokuwa wanapita wakatua mizigo yao wakaweka mabega. Pikapu ikasogea, ikashika mteremko, Mama Kahindo akaachia klachi, injini ikanguruma. Kila mtu alishangilia. Askari alikimbia mita mia nzima akidai bunduki yake kabla hatujamrushia.

Kesho yake tuliporudi, barrière haikuwapo tena. Askari walihama, na batri ile chovu ilihama nao. Kama iliimba mpaka asubuhi, sijui. Lakini tangu siku ile sijaiita batri yoyote nzima kabla ya kuipima mwenyewe, chumba baada ya chumba. Ninyi mna mashine zinazopima kwa namba kwenye kioo kidogo. Vizuri sana. Basi pimeni zote, si moja tu.

Siku ile ya chanjo, jua lilikuwa limeshuka kidogo tulipoingia kwenye uwanja wa kanisa. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mstari mrefu tangu asubuhi, watoto magotini. Walikuwa wamechoka kungoja magari yasiyokuja. Nikapiga "Piii!" mara ya mwisho, sauti imenikauka, nao wakasimama wote kwa pamoja.

Mama Kahindo hakumsalimu mtu. Alishuka, akalitikisa sanduku la kwanza sikioni mwake. Akalitikisa tena, akaniita nisikilize. Ndani, kwa mbali, vipande vidogo vya barafu vilikuwa vinagongana.

Akanawa mikono. Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa miaka miwili hivi, mnene wa mashavu. Alimwangalia Mama Kahindo, akaiangalia sindano, akaniangalia mimi niliyelowa matope na asidi, na ilipomchoma akapiga kelele iliyosikika uwanja mzima. Mama yake akaanza kucheka. Na mama wa pili akasogea mbele.